Mzee Makunja Alipokuwa Pishi ya Maabara

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika hospitali kabla ya wafagizi. Shangazi yangu, niliyekuwa nakaa kwake Kilwa Masoko, alikuwa ameniambia kuwa mtu anayeanza kazi asikutwe anakimbia. Geti lilikuwa bado limefungwa. Ndani yake alikaa mlinzi kwenye benchi, amevaa koti la kazi juu ya kanzu, redio ndogo ameiegemeza sikioni. Mimi nilikuwa binti wa Rutamba, nimemaliza darasa la saba, na sikuwa na mazoea ya kusema na watu nisiowajua. Nikasimama tu nje ya geti.

"Binti, geti halisomi mawazo," akasema. "Sema unataka nini."

"Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo ni salamu. Shida yako je?"

Nikamwambia nimeitwa kuosha vyombo vya maabara. Akafungua, akaninyooshea kidole jengo dogo lenye bati jekundu. "Ni pale. Wanahesabu damu za watu. Usiogope, wanahesabu tu, hawanywi."

Huyo ndiye Mzee Makunja. Nimeombwa niwaeleze ninyi mnaoanza kazi hii jinsi tulivyokuwa tukipima chembe za damu wakati wetu, na siwezi kueleza bila kumtaja yeye. Kipo kipindi ambacho damu yake ndiyo ilikuwa kipimo chetu, na kwa sababu hiyo hiyo tulikaribia kumpoteza.

Mkuu wa Maabara wa wakati ule alikuwa mtu wa Lindi mjini, mrefu, mwenye sauti ya chini. Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kuosha tyubu na vioo, kusuuza, kusuuza tena, kuanika kwenye waya. Alikuwa akipita na kunusa tyubu moja moja.

"Hii ina sabuni," alisema siku moja, akanirudishia.

"Nimesuuza, Mkuu."

"Suuza tena. Sabuni inapasua chembe. Mgonjwa ataonekana hana damu, ataongezewa damu ya mtu mwingine bure, kumbe tatizo ni sabuni yako."

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa hata anayeosha anapima. Baadaye aliniita ndani, akaniweka mbele ya hadubini, akaanza kunifundisha kuhesabu.

Siku hizi mnasikia tu mashine inalia, karatasi inatoka. Sisi tulihesabu kwa macho. Tone la damu lina chembe nyingi mno, zimebanana kama dagaa kwenye tenga, huwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo damu kidogo iliyopimwa ilichanganywa na maji ya dawa mengi yaliyopimwa, ili chembe ziachane. Mchanganyiko ule uliwekwa kwenye kioo kinene cha kuhesabia, kilichochorwa miraba midogo ambayo huioni bila hadubini. Juu yake ulifunika kioo chembamba, na nafasi iliyobaki kati ya vioo viwili ilijulikana kina chake. Ukijua upana wa mraba na kina chake, ukahesabu chembe zilizomo, unaweza kupiga hesabu ya damu yote. Mkono mmoja kwenye hadubini, mwingine unabonyeza kidude cha kuhesabia. Ukipiga chafya, unaanza upya.

Tatizo langu lilikuwa chembe zilizokaa juu ya mistari. Mkuu aliona kidude kimesimama.

"Umekwama wapi?"

Nikampisha achungulie.

"Chembe ya mstarini, sivyo? Kwenu Rutamba mna mikorosho. Mkorosho ulioota mpakani anauhesabu nani?"

"Wote wawili," nikasema. "Halafu wanagombana."

Akacheka mpaka Mzee Makunja akachungulia dirishani. "Sasa hapa hatugombani. Iliyogusa mstari wa juu na wa kushoto ni yako, ihesabu. Iliyogusa wa chini na wa kulia mwachie jirani."

"Na jirani akikataa?"

"Hakatai. Sheria hii ni moja hapa, moja Lindi, moja Dar, moja ng'ambo. Ndiyo maana namba yako ikisafiri na mgonjwa, huko aendako wataielewa."

Nimekumbuka maneno yale kazi yangu yote. Namba ya damu haina faida kama kila chumba kina namba zake. Mgonjwa wa Kiswere akipimwa kwetu leo, akapimwa Lindi kesho, tofauti iwe ya ugonjwa wake, isiwe ya mpimaji. Tulihesabu wawili wawili, kila mtu peke yake, halafu tunalinganisha. Tukipishana sana, tunatupa na kuanza tena. Ilichosha macho, lakini nililala vizuri.

Nilipelekwa Lindi kwa muda kujifunza zaidi, nikarudi msaidizi wa maabara. Mkuu yule alistaafu, akaja Mkuu mpya, mtu wa Newala, mchangamfu, anayetembea haraka. Pamoja naye ikaja mashine ya kuhesabu chembe. Iliwekwa mezani kama mwali, ikafunikwa kitambaa kila jioni, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka kikombe cha chai karibu nayo. Mashine ile ilivuta damu iliyochanganywa, ikazipitisha chembe moja moja kwenye tundu dogo lenye umeme. Kila chembe inayopita inaushtua umeme kidogo, na mashine inahesabu mishtuko. Kazi ya asubuhi nzima ilikwisha kabla chai haijapoa.

Lakini mashine haijui kama inasema kweli. Inabidi ilishwe damu ya kulinganishia, yaani damu iliyotengenezwa kiwandani ambayo hesabu yake inajulikana tayari. Ikisoma tofauti, unairekebisha mpaka ilingane. Damu ile ilitoka Dar kwa basi, ndani ya boksi la barafu. Mvua zikinyesha, barabara ikikatika kule Somanga, boksi linakaa njiani mpaka barafu inakuwa maji ya moto. Tukilifungua, damu imeharibika. Mwaka mmoja mvua zilikuwa kubwa, na baada ya mvua nako Dar kwenyewe hakukuwa na damu ile. Tulikaa muda mrefu bila kuletewa.

Mkuu mpya alituita wote. "Tunayo chupa moja nzima iliyobaki, na inakaribia kuisha muda wake. Kabla haijaisha nataka mtu. Mtu mzima, mwenye afya, ambaye damu yake haipandi wala haishuki. Tumpime pamoja na chupa hii siku kadhaa, tuijue hesabu yake vizuri. Chupa ikifa, tunabaki na mtu."

Tulijipima wote. Damu yangu ilibadilika kwa mwezi, kama ya wanawake wengi. Vijana wetu walikuwa na malaria kila mara. Aliyetoka vilevile kila siku, kama aliyechongwa, ni Mzee Makunja, mlinzi wa geti.

Alipoelezwa, aliweka koti lake sawa. "Kwa hiyo mimi ni pishi."

"Pishi?" Mkuu akauliza.

"Baba yangu alikuwa na pishi ya mti, ya kupimia nafaka. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia kuisha, majirani walikuja na mikebe yao kuilinganisha nayo, wasije wakatoa fitri pungufu. Mtu hakuuliza mkebe una afya gani. Aliuliza unalingana na pishi ya mzee au haulingani."

Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya wagonjwa kuingia, Mzee Makunja aliacha benchi lake, akaja maabara akikunja mkono wa koti. "Haya, pishi imefika," alisema. Tulimtoa damu kidogo, tukailisha mashine, mashine ikalingana na hesabu yake, tukaanza kazi. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walimjua. Walimtania kuwa ndiye bosi wa maabara, na yeye hakukanusha. Ramadhani ilipoingia aliuliza msikitini kama damu ya kupimwa inafunguza, akaambiwa haifunguzi, akaendelea kuja.

Sasa nieleze jinsi ilivyokwenda, maana kosa hili halikufanywa kwa siku moja. Asubuhi moja mashine ilionyesha Mzee Makunja amepungua kidogo. Mkuu akasema, "Mashine imeshuka," akaipandisha ilingane na pishi. Baada ya siku chache ikashuka tena. Akaipandisha tena, kidogo tu, kama mtu anavyosogeza mshale wa saa inayochelewa. Mashine ilikuwa na vumbi la chumvi kutoka baharini, umeme ulikuwa unakatika, kila mtu aliona sababu ya mashine kuchoka. Hata mimi niliona hivyo. Hakuna aliyefikiria kuwa aliyechoka ni pishi.

Naye alikuwa akichoka mbele ya macho yetu. Aliacha kutembea kuzunguka uzio. Mtu akigonga geti, aliinuka kwa kushika ukuta. Tukasema ni saumu. Siku moja nilimuuliza.

"Mzee, uko salama?"

"Magoti, mwanangu. Nimenunua vidonge dukani, vinanisaidia. Haya, nitoe damu, jua linapanda."

Nikamtoa damu. Sikuuliza zaidi.

Siku chache kabla ya Idi aliletwa mama mjamzito kutoka Kiswere, anaitwa Zuhura, uchungu umeanza. Tulipima damu yake, mashine ikasema inatosha. Nikapeleka karatasi wodini. Hakupita muda mrefu, Mkunga, Bi Mwanaisha, akaja mwenyewe maabara, karatasi mkononi.

"Karatasi yenu inasema damu ipo," akasema. "Njooni mnionyeshe ipo wapi."

Mkuu akamwomba asubiri, akarudia kipimo. Namba ikatoka ileile.

"Mashine imesema mara mbili, Bi Mwanaisha."

"Na mimi nitasema mara ya tatu. Kiganja chake kama karatasi hii. Nimefunua kope, ndani kweupe. Kule kwa mwanamke anayejifungua sitaenda na mashine, nitaenda na mikono yangu. Nipimieni kwa njia nyingine."

Mkuu hakukasirika. Alifungua kabati, akatoa kile kioo kinene cha zamani ambacho kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa, akanitazama. "Bado unakumbuka ya mstarini?"

Nikahesabu. Yeye akahesabu baada yangu bila kuangalia namba yangu. Tulilinganisha: tulikuwa karibu sana, na wote wawili tulikuwa chini sana ya mashine. Alikwenda wodini kwa miguu yake kumwambia Mganga Mfawidhi, na Zuhura akawekewa damu. Alijifungua mtoto wa kiume, akapona.

Mkuu aliporudi, hakukaa. Alisimama mbele ya mashine, mikono kiunoni.

"Mashine inawapa watu damu wasiyokuwa nayo," akasema polepole, kama anajisomea. "Kwa nini? Kwa sababu tumeipandisha. Tumeipandisha kwa nini? Kwa sababu ilikuwa inashuka. Nani alisema inashuka?"

Akageuza uso kuelekea dirishani. Kutoka pale unaliona geti, na benchi, na mgongo wa Mzee Makunja umeegemea ukuta.

"Haikuwa inashuka," Mkuu akasema. "Ilikuwa inatuambia."

Alitoka karibu anakimbia, nami nikamfuata. Mzee Makunja alituona, akaanza kukunja mkono wa koti. "Mnataka nyingine? Leo mmeshachukua."

"Mzee, unaumwa?"

"Pishi haiumwi, Bwana Mkuu."

"Mzee Makunja, nakuuliza wewe, siulizi pishi. Unaumwa?"

Mzee alishusha mkono. "Nikienda chooni natoa cheusi," akasema kwa sauti ya kunong'ona, kwa sababu mimi nilikuwepo. "Tangu mfungo uanze. Kichwa kinazunguka. Lakini nikisema naumwa mtachukua nani? Chupa za Dar hazijaja."

Mkuu alimfunua kope kwa kidole. Sikuhitaji kusogea kuona.

Tulimhesabu kwa kioo. Sitataja namba, ila damu iliyobaki ilikuwa ya mtu ambaye hapaswi kusimama, sembuse kufungua geti. Mganga Mfawidhi alituambia vile vidonge vya magoti, kwa tumbo lenye njaa la mfungaji, vimemchubua tumbo, na damu inavuja ndani pole pole. Kama ingeendelea wiki nyingine, alisema, tusingekuwa na cha kupima. Siku hiyo kilichobaki ni kujua kama atafika kesho.

Ilibidi apate damu upesi. Mke wake na mabinti zake waliitwa, lakini makundi ya damu hayakuafikiana. Yangu iliafikiana, na ya Mkuu pia. Tulilala kwenye vitanda viwili, Mkuu na mimi, tukitazama dari, na Bi Mwanaisha akapita akasema, "Leo maabara wanalipa deni." Hakuna aliyecheka, ila Mkuu alisema, "Kweli."

Siku ya Idi Mzee Makunja alifungua macho vizuri, akaomba uji. Nilipomtembelea alinitazama muda mrefu.

"Nasikia nimetiwa damu yenu ya Kimwera, watani wangu wa Rutamba."

"Ndiyo, Mzee."

"Basi nikianza kuongea peke yangu msinilaumu."

Ndipo nikajua kuwa atapona.

Kazi haikuishia hapo. Watu wote waliopimwa tangu mashine ilipoanza kupandishwa walikuwa na karatasi zenye namba kubwa kuliko damu yao. Mkuu alimwambia Mganga Mfawidhi wazi, bila kuzunguka, na ikaamuliwa wote wafuatwe. Mimi nilipewa Kilwa Kisiwani na vijiji vya upande wa Kiswere. Kwangu mimi, niliyeshindwa kusema na geti siku ya kwanza, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kuhesabu. Nyumba moja moja, hodi, shikamoo, halafu maneno: namba tuliyokupa haikuwa sahihi, tunaomba urudi tukupime.

Bibi mmoja wa Kisiwani, aliyekuwa anaanua samaki wake waliokauka, alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ile damu mliyosema ninayo, mnaitaka mrudishiwe?"

"Hapana, Bibi. Hukuwa nayo."

"Na mimi nilikuwa nashangaa. Mbona kila nikipanda kutoka ufukoni napumzika mara nne. Nikajisemea, hospitali wamesema niko mzima, basi huu ni uvivu."

Maneno ya bibi yule yaliniuma kuliko kama angenigombeza. Alipanda mashua nami siku hiyohiyo. Walio wengi walirudi, wakapimwa kwa kioo, wakapewa dawa waliohitaji dawa. Nashukuru hatukumkuta aliyekufa kwa sababu ya namba zetu. Lakini nilijifunza kuwa mtu akipewa namba na hospitali anaiamini kuliko miguu yake.

Baada ya hapo Mkuu alibadilisha mambo. Hatukuwa na pishi moja tena. Damu ya kulinganishia ilipokosekana, tulipima watu kadhaa, na hakuna aliyepimwa mara nyingi mfululizo. Kioo cha zamani hakikurudi kabatini, kilikaa mezani, na kila siku mgonjwa mmoja alihesabiwa kwa njia zote mbili. Sampuli moja tuliigawa, nusu kwetu, nusu Lindi, kila mmoja anapima bila kujua mwenzake kapata nini, halafu tunaulizana kwa simu. Kama mashine imeshuka, swali la kwanza likawa: ni mashine, au ni mtu? Na akaweka sheria moja ambayo haikuwa ya mashine. Yeyote anayeweka mkono mezani, mgonjwa au mfanyakazi, aulizwe hali yake kabla ya sindano, na anayeuliza asubiri jibu.

Mzee Makunja alirudi kazini baada ya mapumziko. Asubuhi ya kwanza aliingia maabara kwa mazoea, akikunja mkono wa koti. Mkuu akamkaribisha akae.

"Tutatoa, Mzee. Lakini leo si kwa ajili ya mashine. Ni kwa ajili yako, tujue unaendeleaje."

Mzee alikaa. Nadhani iliuma kidogo, kuvuliwa cheo. "Basi pishi imestaafu," akasema.

"Imestaafu. Unajisikiaje?"

Akaanza kueleza. Alieleza magoti, alieleza tumbo, alieleza usingizi, alieleza mpaka mkwe wake wa Kivinje asiyemsalimia. Mkuu alisubiri mpaka mwisho, sindano mkononi.

Alilinda geti miaka mingi mingine, akastaafu kabla yangu, na sasa ametangulia mbele ya haki, kwa uzee tu. Nami nimestaafu. Nalima mikorosho michache, na ile ya mpakani nimeshaelewana na jirani.

Mwezi uliopita nilikwenda palepale kupimwa, nimekaa kwenye foleni kama watu wengine. Mashine ni nyingine, ndogo, na damu za kulinganishia zimepangwa kwenye friji lenye kipimajoto chake. Nilifurahi kuziona. Aliyenipima ni binti mdogo, hanijui, na sikujitambulisha. Alinifunga mpira mkononi, akaandaa sindano, halafu akaiweka chini.

"Unajisikiaje, mama?"

Nilitaka kusema salama, kama tunavyosema wote. Alikuwa ananitazama, anasubiri. Basi nikamwambia ukweli: kuhusu pumzi yangu nikipanda mlima, kuhusu mguu, kuhusu kuamka nimechoka. Foleni ikaanza kunung'unika. Kijana mmoja nyuma yangu akasema, "Mama, si unapimwa damu tu?"

Yule binti hakuinua macho. "Subiri, kaka," akamjibu. "Bado hatujafika kwenye damu."